Chokoleti ya asumini kwa siku ya kupamba: harufu inapotea na chokoleti inashikana donge, nisaidieni

Binti wa Jang'ombe (Unguja)

Assalamu alaykum wenzangu wa jikoni.

Dada yangu anaolewa mwezi ujao, na siku ya kupamba mie nimejitwika kutengeneza kitu kidogo cha kumtia kila mama mkononi wakati wa kuondoka. Halwa ipo, visheti vipo, hivyo vina wenyewe wanaovijua kuliko mie. Mie nataka chokoleti yenye harufu ya asumini, na asumini yenyewe iwe ya uani kwetu.

Sababu ni bibi. Bibi alikuwa akitunga vikuba, vile vishada vya asumini na rihani vya kujipamba, na kuviuza jioni, na kwa pesa ya vikuba mama yangu na wajomba zangu watatu wamevaa sare na kusoma. Sasa vidole vimekaza, sindano haishiki. Lakini kila ikikaribia magharibi lazima atoke uani, ashike mti kwa mkono, aulize: leo umetoa ngapi? Nataka mjukuu wake akipambwa, watu wale asumini ya mti ule ule, na bibi akiwa amekaa pale anawaona.

Nimejaribu mara tatu, zote zimenishinda.

Mara ya kwanza nilinunua chokoleti nyeusi ya asilimia 70, gramu 400, nikaiyeyusha kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto. Asumini vikombe viwili nikaziosha, nikazipangusa kwa taulo, nikazikatakata, nikatia. Sikukoroga mara nne, chokoleti ikashikana yote. Ikawa kama udongo wa mfinyanzi, na mafuta yanatoka pembeni.

Mara ya pili nikaona bora nipitie kwenye krimu. Nikachemsha krimu na maua dakika kumi, nikachuja, nikamwagia chokoleti. Safari hii ililainika vizuri, lakini harufu ilikuwa ya mchicha uliochemshwa, na nyuma ya ulimi kuna uchungu. Mama alionja akanyamaza.

Mara ya tatu sikutia ua lolote, nilitaka nijue kwanza chokoleti tupu inavyokwenda. Nikaimimina kwenye kalibu, nikatia friji. Ilitoka, ikatoa jasho, na kesho yake ina madoa meupe na ukiishika inabaki kidoleni. Na joto hili la kaskazi mnalijua.

Muuza duka mmoja kaniambia niache kuhangaika, nitie matone mawili ya mafuta ya asumini yale ya chupa ndogo. Yananukia kweli, ila moyo unasita. Yanalika?

Wageni tunakisia 70, nataka kila mmoja apate vipande viwili. Aliyewahi kufanya hata kitu cha kukaribia hiki, anisaidie. Siulizi kwa mchezo.

---

Mama Vitamu wa Kibokoni (Mombasa)

Waalaykum salaam mwanangu, na hongera kwa harusi. Mungu aijaalie heri.

Nianze na hiyo chupa ndogo: usitie. Mafuta ya kujipaka yatengenezwa kwa ngozi na nguo, na ndani yake mna vitu visivyopaswa kufika tumboni. Hata yakiwa matone mawili, wageni 70 wakuamini wewe. Yaweke kabatini.

Sasa tuje kwa asmini. Mimi nauza vitu vitamu nyumbani mwaka wa 11 huu, na asmini ilinichezesha misimu miwili kabla sijaielewa. Kosa langu lilikuwa kama lako: nilikuwa naitia motoni. Asmini si mdalasini. Kuna maua ambayo ukiyachuma yamekwisha, lakini asmini ukiichuma bado i hai, yaendelea kutoa harufu usiku kucha mpaka asubuhi. Ukiichemsha umeiua ile saa, na unachopata ni maji ya jani. Ndiyo huo mchicha wako.

Kumbuka mama zetu walivyofanya na nguo. Marehemu mama alikuwa akinunua asmini alasiri, maua yangali yamefumba, ayatandaze kati ya leso na leso ndani ya sanduku, afunge. Asubuhi ayatoa, na leso imeshika harufu wiki nzima. Hakuna moto, hakuna maji. Ua limelala na nguo, basi. Na mafuta hushika harufu kuliko nguo mara nyingi. Kule Grasse, Ufaransa, watengeneza manukato walitandaza asmini juu ya vioo vilivyopakwa mafuta baridi, kila siku wakatoa yaliyochoka na kuweka mapya, mpaka mafuta yakashiba. Na ndani ya chokoleti, kitu kinachoitwa siagi ya kakao ni nini kama si mafuta?

Hili nalo halikuanza na mimi wala na wewe. Zamani huko Firenze, Italia, mtawala wao Cosimo III wa ukoo wa Medici alikuwa na chokoleti ya asmini iliyosifika Ulaya, na jinsi ya kuitengeneza ilifichwa kama siri ya dola. Mwenye siri alikuwa tabibu wake, Francesco Redi, aliyefariki mwaka 1697, na maelezo yalitoka nje baadaye. Nilipoyasoma nilicheka kwa furaha, kwa kuwa ni sanduku la mama! Walichukua kakao iliyokaangwa na kupondwa chengachenga, wakapanga tabaka la kakao, tabaka la asmini mbichi, tabaka la kakao, tabaka la asmini, wakaacha saa 24. Kisha wakatoa maua, wakaweka mengine. Mara kumi, mara 12. Sukari na vanila vilikuja mwisho kabisa, wakati wa kusaga. Tazama vizuri: ua halikugusana na sukari, na ua halikuona moto.

Hapo ndipo lilipo jibu la donge lako. Ndani ya chokoleti mna chembe za sukari zinazoelea kwenye mafuta. Tone moja la maji likiingia, sukari yalowa, chembe zashikana, na chokoleti nzima yakaza. Wewe umeziosha asmini kisha ukazikata, kwa hiyo umetia maji ya bomba na maji ya ua lenyewe. Hilo donge natumai hukulitupa. Lipashe moto taratibu, uongeze krimu ya moto au tui zito la moto kijiko kimoja kimoja huku wakoroga; litalainika lote liwe rojo la kumwagia keki. Maji kidogo huharibu, maji mengi hutengeneza. Ila halitarudi tena kuwa chokoleti ya kukatika.

Mimi hufanya hivi. Sitii maua ndani ya chokoleti, nayalaza na siagi ya kakao peke yake, ambayo haina sukari, hivyo unyevu wa ua hauna cha kuharibu. Tafuta siagi ya kakao ya kula (isiwe ile ya kupaka iliyotiwa vitu), gramu 200 zakutosha na kubaki. Ikune kwa kikuna karoti. Chukua bati pana lenye kifuniko kinachokaza, tandaza nusu ya siagi, funika kwa melimeli safi (kitambaa chepesi cha pamba), panga asmini juu ya melimeli bila kulundikana, melimeli nyingine, kisha siagi iliyobaki. Funga. Liweke bati chumba chenye mashine ya ubaridi, digrii 22 hadi 24. Friji baridi mno, ua lafa mapema; na jikoni kwenu mchana siagi yaweza kulainika.

Asmini zichume alasiri ya mwisho, zile nene nyeupe zinazotaka kufunguka usiku huo. Zisiwe za jana. Usizioshe. Kwa hiyo ni lazima uujue mti: haujapigwa dawa, hauko kando ya barabara. Wa bibi wafaa kabisa. Zitandaze kwenye kitambaa nusu saa unyevu wa juu ukauke, uzitoe vile vikombe vya kijani, hivyo ndivyo vyenye uchungu. Asubuhi fungua bati, toa maua yote, hata lile moja lililojificha, kwa sababu ua lililogeuka rangi ya chai latoa harufu mbaya na siagi yaishika hiyo pia. Jioni weka mapya. Usiku wa kwanza utaona hakuna kitu. Usikate tamaa. Usiku wa nne ukifungua bati utajua mwenyewe. Mimi huenda saba.

Na tafadhali, usije ukasema ua jeupe ni ua jeupe ukaongezea la jirani. Oleanda ina maua mazuri na yaua mtu. Yale makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta pia ni sumu. Hata waridi la duka la maua usile, hayo hulimwa kwa ajili ya chombo cha mezani na hupigwa dawa hivyo.

Kuhusu chokoleti yenyewe: soma nyuma ya pakiti. Ikiwa imeandikwa mafuta ya mawese au mafuta ya mimea pahala pa siagi ya kakao, hiyo haina shida ya joto lakini haitabeba harufu kama unavyotaka, na mdomoni yakaa kama mshumaa. Twaa yenye siagi ya kakao. Na asilimia 70 ni kali mno kwa asmini. Teremka 55, au hata ya maziwa.

Madoa meupe ni kwa kuwa hukuituliza, yaani kuiyeyusha na kuipoza taratibu kwa vipimo. Siagi ya kakao yaweza kuganda kwa namna sita, na ni moja tu inayong'aa na kukatika kwa mlio. Wataka kipimajoto, hapa hakuna njia ya mkato, kidole hakitoshi. Sehemu tisa za chokoleti kwa moja ya siagi yenye asmini. Katakata chokoleti, yeyusha thuluthi mbili mpaka digrii 45 hadi 48, isipite 50. Toa motoni na ufute tako la bakuli, kwa maana tone huteremka hapo na kukuharibia yote. Ikishuka 40 mimina siagi yako ya asmini, uliyoiyeyusha mbali kwa moto mdogo sana. Sasa tia ile thuluthi uliyoiacha, kidogo kidogo, ukikoroga bila kuchoka, mpaka 31 au 32 kwa nyeusi. Ya maziwa ishushe hadi 29 au 30. Chovya ncha ya kisu, iweke mbele ya feni. Ikikauka dakika tano na kung'aa, mimina haraka. Ikibaki na michirizi, endelea kukoroga.

Fanya kazi alfajiri baada ya swala, dirisha bado lina baridi. Na ukilazimika kuweka friji, tia kwanza kwenye bati lililofungwa. Ukilitoa, liache mezani lifikie joto la chumba ndipo ulifungue. Ile jasho uliyoiona ni hewa yenye maji iliyogusa kitu baridi.

Umenikumbusha mama. Andika ukikwama.

---

Kijana wa Kyela

Shikamoo Mama Vitamu. Dada, hongera.

Mimi nipo upande wa pili wa jambo hili, kwetu kakao inakua chini ya migomba nyuma ya nyumba. Baba analima, mimi namsaidia na najifunza kutengeneza chokoleti kwa mashine ndogo ya mawe, ile ambayo Wahindi wanasagia rojo la dosa, zile chapati zao nyembamba.

Naomba kuongeza kitu kwenye hayo ya Firenze, kwa sababu yamenigusa. Mama amesema siagi ya kakao, na ni njia nzuri kwa dada aliye na mwezi mmoja. Lakini wale walitumia kakao nzima, na nimefanya hivyo mwenyewe, tofauti unaisikia. Siagi unayonunua mara nyingi imeshaondolewa harufu yake ili isisumbue vitu vingine. Chenga za kakao zina harufu yake mwenyewe, na ua linaingia humo likakutana nayo. Kakao yetu ikichachushwa vizuri, siku tano hadi saba, ikafunikwa kwa majani ya mgomba na kugeuzwa, inakuwa na uchachu fulani wa matunda. Ile iliyoanikwa bila kuchachushwa ni chungu tu, asumini itakufa humo. Wakulima wengi wamelijua hilo siku hizi maana kwenye mnada ubora unaonekana kwenye bei.

Kaanga kwenye oveni digrii 130 kama dakika 25, zungusha katikati ya muda. Ikipoa menya, ponda, peta maganda kama unavyopeta mchele. Halafu ndiyo upange tabaka. Mimi nasaga saa 24, sukari naitia baada ya saa mbili tatu ikishakuwa uji.

Asumini huku sipati ya kutosha. Nilichofanya mimi ni maua ya kahawa. Mjomba ana shamba Mbozi, na mvua za kwanza zikishanyesha mibuni inachanua yote kwa pamoja, nyeupe kama mtu amemwaga unga, na harufu yake ni ndugu kabisa wa asumini. Inadumu siku mbili tatu. Sikuchuma, maana kila ua ni tunda. Nilitandika turubai chini ya mibuni nikasubiri yanayodondoka, na shamba lile halipigwi dawa, nilihakikisha. Yanakuwa yameshachoka kidogo, kwa hiyo nililaza mara nane. Chokoleti iliyotoka ni mti wa kahawa na mti wa kakao kwenye kipande kimoja, bila tone la kahawa yenyewe. Nimempa mjomba, mtu aliyelima kahawa maisha yake yote, akaniambia hakuwahi kufikiri ua lake linalika.

Kwenye asilimia sikubaliani na Mama, kwa heshima. Kama kakao imechachushwa vizuri, 65 haiui ua. Inayoua ni kakao iliyokaangwa mpaka ikaungua. Ile ya dukani sijui waliikaanga vipi, kwa hiyo kwa dada 55 ni salama. Lakini isiwe sheria.

---

Bibi wa Ruwi (Maskati)

Mwanangu wa Jang'ombe, mie kwetu ni Malindi, Unguja, nimekuja Oman mdogo sana na wazee. Maneno ya vikuba yamenitoa machozi. Nakumbuka harufu ya jioni kabla ya kukumbuka nyumba.

Sina la kuongeza kwa asumini, dada wa Mombasa kamaliza. Lakini harusi isiwe na harufu moja. Tengeneza na ya waridi, maana waridi tofauti na asumini linakubali majani yake kukaushwa na maji yake kutiliwa.

Huku kuna mlima unaitwa Jebel Akhdar, vijiji vyake viko juu kama mita 2,000, na mawaridi yanachanua kuanzia mwisho wa Machi mpaka Mei. Watu wanatoka alfajiri kuyachuma kabla ya jua. Yanatiwa kwenye vyungu ndani ya jiko la udongo, mvuke unapanda, unakutana na chombo cha maji baridi, unadondoka kuwa marashi. Ya kienyeji kweli yana rangi ya chai nyepesi na yana moshi ndani yake. Nyie huko mnapata ya mjini meupe, yanafaa pia, ilimradi iwe ile chupa tunayotilia kaimati na sharbati, sio ya kurashia watu.

Sasa sikiliza: marashi ni maji. Ukiyatia kwenye chokoleti iliyoyeyuka yatakuletea lile donge. Yanakwenda kwenye rojo la ndani. Krimu mililita 100 ipashe, mimina juu ya gramu 200 za chokoleti nyeusi iliyokatwa, iache dakika mbili, koroga kutoka katikati mpaka ing'ae. Ikishapoa kidogo, kijiko kimoja cha chakula cha marashi. Onja. Ukizidisha, watu watasema sabuni. Iache usiku, asubuhi fanya viduara, vizungushe kwenye unga wa kakao au majani ya waridi makavu uliyoyasaga. Hii ina krimu, kwa joto la Unguja ikae friji na iliwe ndani ya siku nne tano.

Na mwanangu, Pemba iko pale mbele yenu. Karafuu nayo ni ua, ua ambalo halikuachwa lichanue. Tatu nne kwenye hiyo krimu, zichemke dakika tano, utoe. Karafuu inataka moto kama asumini inavyouogopa.

Mwambie bibi yako kuna mtu Maskati anamsalimu. Huenda mama yangu alinunua kikuba kwake.

---

Binti wa Jang'ombe

Nimesoma yote mara mbili, na nimemsomea bibi. Bibi wa Ruwi, salamu zimefika. Kauliza jina la mama yako, nimemwambia nitakuuliza faraghani.

Siagi ya kakao ya kula nimeipata, gramu 250, na shoga yangu kakubali bati likae chumbani kwake chenye ubaridi. Chenga za Kyela natamani sana, kijana, lakini saa 24 za kusaga sina mashine, hiyo nitaiacha kwa Idi inshaallah.

Maswali mawili. Mama Vitamu, mti wetu siku nyengine unatoa maua 40 tu, siku nyengine 100. Niruke siku za machache? Na bibi anasema nichanganye na rihani, maana kikuba hakikamiliki bila rihani. Inafaa?

---

Mama Vitamu wa Kibokoni (Mombasa)

Usiruke. Siku ya maua 40 weka siagi kidogo upande mmoja wa bati, uilaze na hayo, kesho uichanganye na nyingine. Siagi haisahau ilichopewa jana.

Rihani yalika, lakini harufu yake ni ya jani na yatawala haraka. Kama bibi ataka, weka usiku mmoja tu, wa mwisho, vijiti viwili. Yeye ndiye aliyetunga vikuba, msikilize.

---

Binti wa Jang'ombe

Nimerudi kuwaeleza.

Nimelaza usiku saba. Usiku wa kwanza na wa pili kweli hakuna kitu, nikaogopa, nikamwambia dada labda tununue peremende. Asubuhi ya tano shoga yangu kanipigia simu kabla sijaamka, kasema chumba chake chote kinanuka harusi. Usiku wa saba bibi kachuma rihani mwenyewe, vijiti viwili, kaviweka kwa mkono wake juu ya melimeli.

Kutuliza kulinishinda mara moja. Ilikuwa ingali 34 nikamimina kwa pupa, ikatoka na michirizi. Nikaiyeyusha upya, nikaanza tena kwa subira, nikangoja 31 na nusu. Safari hii kisu kilikauka dakika nne na kinang'aa kama kioo. Nimetumia ya asilimia 56, kilo moja na robo, na siagi ya asumini gramu 140. Nilianza baada ya alfajiri, saa mbili asubuhi nimekwisha mimina kalibu ya mwisho. Vikatoka vyenyewe nilipogeuza, vinalia mezani kama vijiwe.

Harufu yake haikurukii puani ukifungua bati. Unaiweka mdomoni, kwanza ni chokoleti, kisha inayeyuka, ndipo asumini inakuja, na inabaki baada ya kumeza. Mama safari hii hakunyamaza.

Vya waridi nimefanya 30 tu kwa ajili ya meza ya bi harusi, kijiko kimoja cha marashi, sikuzidisha.

Nilimpelekea bibi kipande uani, magharibi, wakati wake ule ule wa mti. Alikiweka mdomoni, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka kikaisha. Kisha akaniuliza, hii ni ya asumini za Jumatatu au za Jumanne? Maana Jumatatu zilikuwa nene zaidi.

Vipande 138 vimo kwenye mabati mawili, vimefungwa. Viwili bibi kaomba aongezwe. Kupamba ni Alkhamisi baada ya alasiri, mabati yatatoka kwa shoga saa tisa na sitayafungua mpaka yafikie joto la chumba.